Jina Ambalo Halijavaliwa na Mtu

"Milembe! We Milembe! Niletee maji ninywe."

Mama mzee alikuwa ameketi juu ya mkeka barazani kwa mwanawe, mjini Bariadi, miguu ameinyoosha mbele kwa sababu ya yale maumivu yaliyomtoa kijijini kwake Migato kuja kutafuta hospitali. Mbele yake, uani, mjukuu wake alikuwa anapanga vifuniko vya soda mchangani. Mtoto hakugeuka. Bibi akaita tena, safari hii kwa sauti aliyozoea kuitia ndama. Mtoto akaokota kifuniko kingine, akakipuliza vumbi, akakiweka kwenye mstari wake.

"Bibi, unamwita nani?" Felisita, jirani, alidakia kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa, alikokuwa anaanika nguo. "Kama ni huyo, huyo ni Vanelisa. Mwite Vane tu, uone atakavyokuja mbio."

Mzee akacheka. "Watu wa mjini nyie! Mnakaa ua kwa ua, hata majina ya watoto wa wenzenu hamyajui. Huyu ni Milembe. Ni mimi huyu."

Ngeleja, mwanawe, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, na alisikia kila neno. Naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni, kisha akaenda mtungini akamletea mama yake maji yeye mwenyewe.

Tusimwonee bure. Ngeleja hakuwa mtu wa uongo. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia kwa kishindo, malori yao yakikimbizana vijijini, na wakulima wakajifunza upesi kuziogopa mizani za wageni. Yeye alikuwa mpimaji wa mnunuzi mmojawapo, na vijijini watu waliulizana kwanza kama ni Ngeleja aliyekuja ndipo watoe marobota ndani. Lakini mpimaji huyo mwaminifu alikuwa na udhaifu mmoja nyumbani kwake: hakuweza kumwambia mwanamke anayempenda neno la kumuudhi. Na aliwapenda wanawake wawili, mama yake na mke wake. Hapo ndipo alipojitia kitanzi.

Mtoto alipozaliwa, kwa kisu, na daktari akasema kizazi cha mkewe, Minza, hakitabeba tena, Ngeleja alidandia lori la pamba kwenda Migato kupeleka habari. Mama yake alikuwa amezaa wengi na kuzika wengi; aliyebaki ni yeye tu. Kwa hiyo mzee hakuuliza kama mtoto ni mzima. Aliuliza jina. Ngeleja alimtazama, akaona jinsi alivyoshika mlango kwa mikono yote miwili, akasema, "Ni wewe, mayu, mama yangu." Mzee alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Papo hapo akatenga mtamba mweusi, akasema huyu ni wa Milembe mdogo.

Kwao jina haliandikwi tu. Mwenye jina huchukua maji mdomoni, akampulizia mtoto utosini huku akimwita, na jambo hilo hufanywa mtoto kabla hajaota meno. Kwa kuwa miguu ilikuwa imeshaanza kumsumbua, mzee alitema maji yake kwenye kibuyu kidogo, akakiziba kwa majani, akampa mwanawe ampelekee. Akampa na ushanga mweupe, ameufunga ndani ya kitambaa kwa fundo lake mwenyewe.

Na kule Bariadi Minza alikuwa ameshachagua. Ngeleja alijua hivyo tangu alipokuwa mlangoni kwa mama yake.

*

"Kwa hiyo miaka yote hii mama anajua mtoto anaitwa Milembe," alisema Minza.

Walikuwa sokoni, kwenye meza yake ya mitumba. Alikuwa ndiyo kwanza amefungua belo, na alipanga magauni ya watoto kwa mikono iliyoendelea na kazi yake hata uso ulipobadilika.

"Niliona nitamwambia polepole."

"Mimi uliniambia amekubali. Tulipokwenda Migato akawa anamwita Milembe, nikakuuliza. Ukasema nini?"

"Nilisema ni jina lake la kumdekeza."

"Ukasema mwache mzee, kila bibi ana jina lake la kumdekeza mjukuu." Minza akaliweka gauni chini. "Nami nikamwacha. Nikamchekea. Baba Vane, umenifanya nimcheke mama yako usoni bila kujua."

Mteja mmoja alikuja, akashikashika nguo, akaondoka. Ngeleja alisubiri apite. "Ni siku chache tu, mke wangu. Apate dawa zake, arudi. Tumwite Milembe hapo nyumbani, basi."

"Unajua kwa nini nilimpa jina lile?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua, ungesema mbele ya mama yako." Alichukua blauzi moja iliyopauka makwapani, akainyoosha mbele ya macho yake. "Tazama hii. Kuna mtu aliivaa akatoka jasho humu, mimi nitaipiga pasi na jasho halitatoka. Ndivyo nilivyokuwa mimi. Nilipewa jina la shangazi yake baba, Minza. Nikichelewa kuamka, wanasema ndiye yule, alikuwa mvivu. Nikijibu, ndiye yule, alikuwa na mdomo. Nilipoolewa, mama mdogo aliniambia nisimkimbie mume kama alivyokimbia yeye. Sijawahi hata kumwona! Nguo yangu ya shule ilikuwa ya mtu, kitanda chetu kilikuwa cha mtu, hata biashara yangu ni nguo za watu. Nikasema mtoto wangu mmoja, huyu mmoja niliyepewa, atapata kitu kimoja kipya ambacho hakijavaliwa na mtu. Nililala wodini nikalitunga mwenyewe, silabi kwa silabi. Vanelisa. Wauguzi walikuja kuniuliza nimelitoa wapi."

Miaka hiyo watoto wengi wa mji ule walipata majina ya namna hiyo, yanayong'aa kama bati jipya. Kina mama waliyatunga wakisukana, wakiunga kipande cha jina la mwigizaji wa video na kipande cha jina la mume, na aliyepata zuri alilificha mpaka siku ya kujifungua asije akaibiwa. Watu wazima waliguna, lakini mguno wenyewe ulikuwa na wivu kidogo. Ni nani asiyependa kuanza na ukurasa mweupe?

"Nitamwita Milembe," Minza alisema mwishowe. "Si kwa ajili yako. Namwonea huruma mama. Lakini mtoto utamwambia wewe. Mimi sitamfundisha mwanangu uongo wako."

*

Ngeleja alimwambia mtoto jioni ile, nyuma ya nyumba, amechuchumaa.

"Vane, bibi akikuita Milembe, uitike. Sawa?"

"Kwa nini?"

"Ni mchezo wetu na bibi."

"Bibi anaujua huo mchezo?"

"Uitike tu, mama. Ukiitika vizuri nitakununulia soda."

"Nyekundu?"

"Nyekundu."

Mtoto akakubali. Alikuwa na akili nyepesi, amemfuata mama yake.

Wakati wa kula, mkeka ulitandikwa, ugali ukawekwa katikati pamoja na mlenda na samaki. Felisita alikuwa amekuja kumsalimia mgeni, akakaribishwa, akakaa. Minza alimtazama mumewe, mumewe akatazama ugali. Kisha Ngeleja akasema kwa sauti ya kuchangamka kupita kiasi, "Milembe, mnawishe bibi mikono."

"Abee, baba!" mtoto akaitika, akaruka.

Uso wa mzee ukachanua. Akamgeukia Felisita kana kwamba amemshinda kesi, akasema, "Umemsikia? Wewe uliniambia nini mchana?" Mtoto alileta birika na beseni, akamimina maji kwa uangalifu mkubwa juu ya vidole vya bibi yake, ulimi umetokeza pembeni. Mzee akamshukuru: wabeja, wabeja, mayu wangu. Ngeleja alihisi mgongo wake unalegea.

Mtoto akaweka birika chini, akamgeukia baba yake.

"Baba, nimeitika. Soda yangu iko wapi?"

Ngeleja akaanza kukunja mikono ya shati lake.

"Ulisema nikiitika Milembe utaninunulia soda. Nyekundu."

Felisita alikumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni. Aliondoka bila hata kunawa. Minza aliinama akafunika uso kwa upindo wa khanga. Ngeleja alitaka kucheka, kusema watoto hawa, kusema lolote, lakini akalisogeza tu birika pembeni ya mkeka.

Mzee aliendelea kukung'uta maji mikononi, kidole kimoja kimoja, taratibu, mpaka mikono ikakauka yenyewe.

"Mpe mtoto soda yake," alisema. "Amefanya kazi, na ameifanya vizuri."

Kisha akamega ugali, akala. Ndilo lililomwumiza Ngeleja kuliko yote. Angepiga kelele, angelia, angesusa chakula, lingekuwa na mahali pa kushikwa. Alikula kama mgeni anavyokula kwa watu, kidogo na kwa adabu, akashukuru.

*

Asubuhi mzee alimkuta Minza anafagia uani.

"Mwangaluka, mkwe wangu."

"Mwangaluka, mayu."

"Kaa hapa. Niambie, huyo Vanelisa alikuwa nani?"

Alilitamka Banelisa, lakini alilitamka lote, na kwa heshima. Minza akaweka ufagio chini. "Hakuwa mtu, mayu. Nililitunga mwenyewe."

"Hakuna aliyeitwa hivyo kabla?"

"Hakuna. Ndiyo maana nikalipenda." Na kwa kuwa mzee alikuwa bado anamtazama, Minza akamweleza habari za yule shangazi, na ya uvivu, na ya mdomo, na ya kuambiwa asimkimbie mume. Alieleza harakaharaka, maana hakuwahi kumwambia mtu mzima upande wowote wa ukoo.

Mzee alitikisa kichwa muda mrefu. "Ni kweli. Aliyeniachia mimi jina alikuwa mgomvi wa kutisha. Nilichapwa sana kwa ukali wake, mimi mpole hivi." Akacheka kidogo. "Lakini nilipokuwa na njaa, wapo waliomkumbuka yeye wakanipa mimi chakula. Jina linakuja na mazuri na mabaya, hulichagulii. Ila wewe huna kosa, mwanangu. Ulitaka jina jipya, ukasema unataka jina jipya. Mtu akisema, tunajua alipo."

Ngeleja alikuwa nyuma ya mlango. Alitoka, akapiga magoti mbele ya mama yake, suruali yake ya kazi kwenye vumbi.

"Mayu, nisamehe. Tutalibadili leo hii. Aitwe Milembe. Minza amekubali."

Minza alikuwa hajaulizwa.

"Ana meno huyu," alisema mzee. "Ana masikio, anajua anavyoitwa. Nimwibie mtoto jina lake nivae mimi?" Kisha akauliza, "Maji yangu uliyapeleka wapi?"

Ngeleja akainamisha kichwa. "Niliyamwaga, mayu."

"Wapi?"

"Njiani. Lori lilipopata pancha."

"Mtoni au mchangani?"

"Mchangani."

Mzee akafumba macho. "Ungeyamwaga mtoni, yangefika mahali." Alipofumbua macho yalikuwa na machozi, na hakuyafuta. "Wewe ulikuja kwangu ukaniambia nimezaliwa. Nilipiga vigelegele. Kila ng'ombe akizaa kwenye uzao wa yule mtamba nilikuwa nasema, hii ni mali yangu ya mara ya pili. Watu walikuwa wananiuliza, mbona mjukuu haletwi tena, nasema anakua, anakua. Ungesema siku ile, Ngeleja. Ningekasirika. Ningekasirika hata mwaka mzima. Kisha ningetafuta njia, nikiwa bado na miguu."

Hakutaka kumaliza siku za dawa. Alipokuwa anafunga mzigo wake, aliomba arudishiwe ushanga. Minza alifungua sanduku, akachakura chini kabisa ya nguo, akautoa, akampa kwa mikono miwili. Kitambaa kilikuwa kilekile. Mzee akakigeuza kwenye mwanga, akaliona fundo lake, lile alilolifunga mwenyewe barazani Migato, halijafunguliwa hata siku moja. Akakiweka kifuani.

Mlangoni alimwita mjukuu. "Banelisa."

"Abee, bibi!" Mtoto alikuja mbio, kweli kama Felisita alivyosema. Bibi akamshika kichwa, akamwambia akue, awe na afya, awasaidie wazazi wake. Maneno mazuri yote. Hayakuwa na maji.

*

Ngeleja alikuwa ameahidi kwenda Migato baada ya msimu. Msimu ukaisha, ukaja wa kulima, ukaja wa pamba tena. Alituma sukari, alituma khanga, alituma salamu kwa kila lori. Salamu zilirudi: mzee yupo, anakushukuru. Mara mbili alifika hadi njia panda na mizani yake garini, akaitazama njia ya kwao, akamwambia dereva waende mbele kwanza. Aibu ina visingizio vingi kuliko mvivu.

Habari ilimkuta kituoni, anapima. Aliyeileta hakuhitaji kueleza sana. Alimshika tu bega. Ngeleja aliandika uzito wa robota lililokuwa kwenye ndoano, kwa kuwa mwenye robota alikuwa anasubiri, kisha akakaa chini palepale kwenye pamba.

Walifika Migato na Minza na Vanelisa mchana wa siku ya maziko. Boma lilikuwa limejaa watu. Ngeleja alipita katikati yao akipewa pole, na njia ikawa inafunguka mbele yake kama inavyomfungukia mwana wa pekee. Ila alipofika karibu na mlango wa nyumba ya mama yake aliona wanawake wamejipanga, wanainama mmoja mmoja mbele ya kigoda cha mzee. Juu ya kigoda alikaa mke wa Shija, mchungaji aliyekuwa analisha ng'ombe wa mzee, mtu asiye na ng'ombe wala ukoo wa maana pale kijijini. Amempakata mtoto wa kike anayekaribia mwaka. Wanawake hawakuwa wanamwinamia yeye. Walikuwa wanamwinamia mtoto.

"Mwadila, mayu," walimsalimia. "Pole, mayu."

Shingoni mtoto alikuwa na ushanga mweupe.

Baba mdogo Mihayo, mkubwa wa boma lile, akamvuta Ngeleja kando. "Alimpa jina mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini, bila lawama, na kwa hiyo ikachoma zaidi. "Alitembea na fimbo mpaka kwa Shija, mtoto ana wiki. Akampulizia maji kwa mdomo wake, sote tukiwapo. Alisema hataki kwenda hajaacha mtu. Mtamba mweusi na ndama wake wamekwenda na jina, kama ilivyo desturi. Mengine ni yako. Hakuna atakayekuuliza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alisema tusikwambie. Alisema kazi yako inataka moyo uliotulia."

Kaburini, udongo wa kwanza ni wa mwenye jina. Mke wa Shija alichukua mkono mdogo wa mwanawe, akauchotesha udongo, ukamwagika ukiwa mchache kuliko kijiko cha chumvi. Ndipo akaitwa Ngeleja, mtoto wa tumbo, mtoto pekee, awe wa pili. Alitupa wake. Minza alikuwa analia kwa sauti kumshinda, na hakuna aliyeshangaa, ingawa wangejua kwamba analilia fundo la ushanga ambalo hakulifungua, labda wangeshangaa.

Watu waliporudi bomani, Vanelisa alimshika baba yake kidole. Alikuwa amekua, ameanza kubadilisha meno ya mbele.

"Baba, yule mtoto wanayemsalimia anaitwa nani?"

"Milembe."

Mtoto akafikiri. "Kama mimi ile siku ya soda?"

"Hapana," alisema Ngeleja. "Si kama ile siku."

Alimwachia mkono wake, akaenda mpaka kwenye kigoda. Alikuwa ndiye mtu pekee pale bomani ambaye hajasalimia, na watu walikuwa wameshaliona hilo, walikuwa wanatazama pembeni kwa kumsitiri. Alivua viatu. Mtoto wa Shija alikuwa amempa kisogo, anachezea kitufe cha gauni la mama yake.

Ngeleja akapiga magoti mbele yake.

"Milembe," akaita, kwa sauti ndogo.

Mtoto akageuka.